Unga Mweupe Juu ya Nyanya

Kreti la nyanya likifunguliwa alfajiri katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mara nyingi kinachoonekana kwanza si wekundu wa tunda. Ni utandu mweupe, pengine wenye usamawati kidogo, uliokaukia juu ya ganda kwa umbo la matone na kujikusanya pale kikonyo kinaposhikana na tunda. Mama mboga huchukua kitambaa chenye unyevu, akazipangusa moja moja hadi zing'ae, kisha akazipanga mafungu. Mteja anayefika baadaye kutoka mitaa ya Kondele au Manyatta hukuta nyanya nyororo za kupendeza macho. Kitambaa kimeondoa alama. Dawa yote hakijaiondoa, na penye kikonyo hakikufika.

Utandu huo kwa kawaida ni mankozebu, dawa ya ukungu inayopendwa na wakulima wa nyanya na viazi kote Afrika Mashariki. Haipenyi ndani ya mmea. Hukaa juu ya jani na tunda ikizuia mbegu za ukungu kuota, na mvua ikinyesha huoshwa, ndipo mkulima hujaza bomba tena na kurudi shambani. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiongezea kibali, baada ya wataalamu wake kuiweka katika kundi la dawa zinazodhuru uzazi na kuvuruga homoni. Kenya iliendelea kuitumia.

Jambo ambalo wapishi wengi hawajaambiwa ni kwamba moto hauimalizi. Mankozebu ikipashwa joto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine ambayo imethibitika kudhuru tezi ya koo kwa wanyama wa maabara. Kwa hiyo nyanya iliyorushwa sufuriani na utandu wake, kwa imani kwamba mchemko utaua kila kitu, imepelekwa kulekule isikotakiwa. Mchemko huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Dawa ya shambani si kijidudu.

Mkulima naye ana hesabu zake, na si haki kumlaumu peke yake. Ukanda wa ziwa una joto na unyevu, na hali hiyo ndiyo inayopendwa na ukungu wa baka. Kisha mwaka 2014 aliingia Kenya nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, Tuta absoluta, ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa ya juujuu haimfikii. Shamba zima linaweza kuisha. Wakulima wengi wamejibu kwa kupulizia mara nyingi zaidi, kuchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, na kupima kwa kifuniko cha chupa badala ya kufuata maandishi ya kibandiko.

Kibandiko hicho kina mstari mmoja unaomhusu mlaji kuliko mingine yote: siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Dawa moja huhitaji siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Katika siku hizo jua, umande na uhai wa mmea wenyewe huivunjavunja dawa hadi kiasi kinachobaki kishuke chini ya kile kinachoruhusiwa. Lakini nyanya haivunwi mara moja kama mahindi. Ikianza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache, wiki hadi wiki, huku wadudu na ukungu wakiendelea kushambulia. Mkulima aliyepiga dawa Jumanne anamwona mnunuzi ameegesha gari Alhamisi, pesa mkononi. Siku saba za kibandiko zitatoka wapi? Sehemu kubwa ya masalio yanayofika sokoni huzaliwa katika mvutano huo, na huko ndiko ambako maafisa wa kilimo wangepaswa kuonekana zaidi.

Watu wa pwani ya Ziwa Victoria hawahitaji kusimuliwa sumu iliyoingia katika chakula. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, baada ya taarifa kwamba kulikuwa na wavuvi waliokuwa wakimwaga sumu ya wadudu majini ili samaki waelee. Kenya, Uganda na Tanzania ziliadhibiwa pamoja. Viwanda vya minofu ya mbuta vilikosa soko, bei ikaanguka ufuoni, na kwa Kenya marufuku hiyo ilidumu zaidi ya mwaka mmoja.

Miaka kumi baadaye habari nyingine ilitoka Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga karibu na ziwa katika Kaunti ya Busia. Mtafiti wa ndege Martin Odino aliandika na kupiga picha jinsi wawindaji walivyokuwa wakitia Furadan ndani ya konokono na kuwatega korongo wanaokula konokono hao. Ndege walioanguka walichinjwa na kuuzwa kama kitoweo. Furadan, yenye kemikali ya kabofurani, ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zilizowahi kuuzwa kwa wakulima, na wakati huo ilipatikana dukani kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwaka 2009, baada ya kelele kubwa kuhusu simba waliouawa kwa sumu hiyo, kampuni ya FMC ya Marekani iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Simba ndio walioifanya dunia isikie. Watu waliokula wale korongo hawakutajwa sana.

Ukilinganisha mboga za soko la ndani na zile za kuuzwa nje, tofauti hujitokeza waziwazi. Mwaka 2013 Ulaya iliamuru asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe mipakani mwake, kwa sababu ya masalio ya dawa iitwayo dimethoeti. Wauzaji wa nje walihangaika, wakulima wao wakafundishwa upya, daftari za kupiga dawa zikaanza kukaguliwa. Mshiri ulioandikiwa safari ya Amsterdam ulipata ulinzi. Shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, lina maabara ya kupima masalio na huchukua sampuli za soko la ndani pia, lakini hakuna kreti la nyanya linalosimamishwa langoni Kibuye likingoja majibu ya maabara.

Sheria si kwamba haipo. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1982, na hakuna dawa inayopaswa kuuzwa bila namba yake ya usajili. Mwaka 2019 Gladys Shollei, Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi bungeni akitaka dawa hatari ziondolewe, nyingi kati ya hizo zikiwa tayari zimekatazwa Ulaya. Miaka ikapita. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondolewa kwa dawa kadhaa na kuwekewa masharti kwa nyingine zaidi ya 200. Mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuitokomeza klopirifosi, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyotajwa; hiyo ni dawa inayohusishwa na madhara kwa ubongo wa watoto, na Ulaya iliikataa tangu 2020. Hatua hizi ni nzuri. Zimechelewa, na zitahitaji miaka kabla hazijafika kwenye kila duka la pembejeo.

Wakati huohuo watu wanakula kila siku. Basi kuosha kunasaidia kiasi gani?

Kunasaidia, tena zaidi ya wengi wanavyodhani, ila si kwa kila dawa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, kiliwahi kupima matunda na mboga zilizosuuzwa kwa maji ya bomba kwa nusu dakika tu. Masalio yalipungua kwa dawa 9 kati ya 12 zilizopimwa. Sabuni maalumu za kuoshea matunda hazikuyashinda maji matupu. Kilichofanya kazi ni mwendo wa maji na msuguano wa mkono.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu matofaa yaliyopakwa dawa mbili. Maji yenye bekingi soda, kiasi cha gramu 10 kwa lita, sawa na vijiko viwili hivi vya chai, yaliondoa asilimia 80 ya dawa ya kwanza baada ya dakika 12, na asilimia 96 ya dawa ya pili baada ya dakika 15. Kilichobaki cha dawa ya kwanza kilikuwa kimeshapenya ndani ya ganda. Matokeo hayo yanafaa kwa matunda yenye ngozi ngumu kama tofaa, nyanya na pilipili hoho, na bekingi soda hupatikana kila kioski.

Lakini zipo dawa zilizotengenezwa zipenye. Imidaklopridi, kwa mfano, husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yake, na hakuna beseni litakaloitoa. Kwa dawa za namna hiyo, kinga pekee ni siku za kungoja shambani.

Sukuma wiki inadai uangalifu wake. Desturi ya mjini ni kumwachia mama mboga akatekate palepale kibandani, majani yakitoka chini ya kisu yakiwa nyuzi nyembamba na kuingia mfukoni moja kwa moja. Inaokoa muda wa jioni, lakini mboga iliyokwisha kukatwa haioshwi vizuri: ukiisuuza unapoteza vitamini, usipoisuuza unakula kilichokuwa juu ya jani. Namna bora ni kununua majani mazima, au kumwomba mama mboga ayaoshe mbele yako kabla ya kukata. Nyumbani, jani hushikwa kwa shina, likageuzwa upande wa chini ambako mishipa imejitokeza na dawa na mchanga hujificha, likasuguliwa kwa kiganja chini ya maji yanayotiririka. Jani moja baada ya jingine.

Na maji yanayotiririka si neno jepesi katika mji ambao familia nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Hakuna haja ya kumaliza mtungi. Loweka mboga katika beseni la kwanza kwa dakika chache, zisugue, maji hayo uyamwage. Kisha limiminie kila tunda au jani maji kwa kikombe juu ya beseni tupu. Maji ya mwisho yawe safi ya kunywa. Kisumu imeonja kipindupindu zaidi ya mara moja, na maji machafu ya mtaro au ya ziwani huweka vijidudu pale yalipotoa dawa. Klorini ya matone kama WaterGuard hutibu maji hayo dhidi ya vijidudu. Isichukuliwe kwamba imeondoa dawa ya shambani.

Sabuni ya vyombo, Omo na Jik zikae mbali. Ngozi ya tunda ina vinyweleo, nayo hufyonza sabuni. Tikitimaji na nanasi kutoka Homa Bay huoshwa kabla ya kukatwa, kwa maana kisu hubeba kilicho juu hadi ndani. Dania na nyanya za kachumbari zinastahili uangalifu wa kwanza, kwa sababu haziendi motoni wala hazimenywi. Kiazi kilichomenywa, ndizi na chungwa huacha sehemu kubwa ya masalio kwenye ganda. Mboga zilizofungwa kwa plastiki katika duka kubwa nazo huoshwa kama za kibandani. Ule mfuko ni wa kupendezesha tu.

Wenyeji wa ziwa wana hazina nyingine. Osuga, dek, apoth na ododo, ambazo wengine huziita managu, saga, mrenda na terere, zimezoea udongo na wadudu wa huku, na kwa kawaida huhitaji dawa kidogo kuliko kabeji au nyanya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, amezitetea mboga hizi kwa miaka mingi kwa ajili ya madini na vitamini zake. Zinapolimwa kwa wingi za kibiashara nazo hupigwa dawa, hivyo zioshwe vilevile.

Lisilofaa kabisa ni kuogopa mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na anayeziacha kwa hofu ya dawa hujitafutia maradhi mengine. Anayeumia mapema na vibaya zaidi si mlaji bali ni yule kijana anayebeba bomba mgongoni bila glavu wala kitambaa puani.

Kilimo kimekabidhiwa kaunti tangu ugatuzi uanze, na kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa anayonunua. Serikali ya Kaunti ya Kisumu ishirikiane na KEPHIS kupima nyanya, sukuma wiki na hoho za masoko ya Kibuye na Jubilee kila msimu, na majibu yabandikwe ukutani sokoni, kwa Kiswahili na Dholuo, mahali ambapo mama mboga na mteja wake watayasoma pamoja.