Taa Zinazofifia Bila Dereva Kujua

Ubovu wa taa za mbele unaoogopwa na madereva wengi ni ule wa glopu kuungua ghafla, ilhali ulio hatari zaidi ni wa taa kupungua nguvu kidogo kidogo kwa miaka, kwa kuwa jicho huzoea mwanga hafifu na dereva huendelea kuamini kwamba anaiona barabara sawasawa.

Magari mengi ya Tanzania na Kenya ni mitumba kutoka Japani, na kile kiitwacho kioo cha taa zake kwa kweli ni polikaboneti, yaani plastiki ngumu iliyopakwa utando wa kuikinga na miale ya jua. Utando huo unapochakaa, plastiki hugeuka njano, ikazuia sehemu ya mwanga na kuitawanya nyingine machoni mwa dereva anayekuja. Mafundi huisugua kwa msasa laini, kazi inayosaidia kweli, lakini msasa huondoa pia utando uliosalia, hivyo usipopakwa mwingine umanjano hurudi baada ya muda.

Chanzo kingine ni umeme. Glopu ya halojeni, ambayo ndani yake huwaka waya mwembamba wa tangsteni, hutegemea sana volti: zikipungua kwa asilimia 10 kwa sababu ya kutu au kulegea kwa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Wengi hapo hukimbilia kupachika glopu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni, nalo ni kosa, kwa sababu kiakisi kilipimwa kufuata mahali pa waya ule wa tangsteni. Matokeo yake mwanga hujaa karibu na bampa, mbali hubaki giza, na wanaokutana na gari hilo hupofuka.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva anayechukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki huhitaji karibu mita 70 kusimama kwenye lami kavu, na hata taa nzima za dimu mara nyingi hazimwonyeshi mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi katika umbali huo. Ikizimika taa ya kulia, anayekuja hudhani ameona pikipiki iliyo pembeni, kumbe ubavu wa gari umekaribia katikati ya barabara. Tangu mabasi ya Tanzania yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, suala hili linawagusa abiria wengi zaidi.

Ukaguzi wa awali hauhitaji mashine. Gari likiegeshwa usiku mahali tambarare, mita chache mbele ya ukuta, na taa zikiwekwa dimu, mstari unaotenga mwanga na giza hupaswa kuwa chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe, huku upande wa kushoto ukipanda ili kumulika ukingo wa barabara. Mstari huo ukiwa umevurugika, taa hiyo ipelekwe kwa fundi kabla ya safari.