Unataka kublogu? Toka nje kwanza

Hebu chukua simu utafute jinsi ya kupika chapati laini. Siku hizi, kabla hujafika kwenye blogu yoyote, Google inakupa jibu pale juu. Unalisoma, unafunga. Aliyekesha kuandika mapishi hayo hata hajui ulipita.

Huo ndio mtihani wa mwanablogu wa sasa. Programu za akili unde zinaweza kutoa makala mia kwa siku kuhusu faida za tangawizi, kwa hivyo usijisumbue kushindana nazo huko. Huziwezi. Andika kile ambacho haziwezi kwenda kukiona.

Chukua Gikomba. Nani anaandika bei ya robota la jinzi wiki hii, na ni saa ngapi ufike ndio upate nguo za kamera kabla wajuaji hawajazibeba? Au jinsi nauli ya Rongai inavyoruka mvua ikianza tu kunyesha? Blogu ya jambo moja dogo, inayotoka kila Ijumaa bila kukosa, itakupa wasomaji waaminifu kuliko ile ya siasa, michezo, mapenzi na udaku kwa pamoja.

Wala si jambo geni kwetu. Januari 2008, serikali ikiwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliwaomba wasomaji wa blogu yake, Kenyan Pundit, wamtumie habari za yanayotokea waliko. Zilimlemea. Akapendekeza ramani ya matukio, na wenzake wakaijenga kwa siku chache tu. Ndiyo Ushahidi hiyo, ambayo 2010 ilitumika hadi Haiti baada ya tetemeko. Mtaji wake ulikuwa watu waliokuwepo.

Ukishapata stori, itunze. Vine ilifungwa 2017, na 2019 MySpace ikakiri kupoteza nyimbo za zaidi ya miaka 10. TikTok na Facebook zitumie kuita watu, lakini makala yenyewe yakae kwenye anwani yako ya .co.ke, na nakala ubaki nazo. Ndiyo maana wengi sasa wanatuma makala kwa barua pepe: orodha ya wasomaji ni yako. Na picha zipunguze uzito jamani, msomaji ana bando ya mbao.

Kuna mambo watu hupuuza hadi wakili apige simu. Kampuni ikikulipa usifie bidhaa yake, sema umelipwa. Ukikosea, rekebisha na useme umerekebisha, usifute usiku kimyakimya. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, kwa hivyo usibandike tu picha ya mtoto wa jirani. Nayo sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 ilikuja na faini ya hadi Sh5 milioni kwa habari za uongo. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbia kortini mwezi huohuo.

Na doo je? Usiache kazi bado. Matangazo hulipa blogu changa kidogo sana, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni.

Anza na muuzaji mmoja anayekufahamu. Muulize bei ya leo, ya mwezi jana, na kwa nini zimetofautiana. Hiyo tayari ni makala.