Kambi za matibabu za misheni Sabaki: Kazi hasa huanza wageni wakishaondoka

WAHENGA walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika vijiji vilivyo kando ya mto Sabaki, magharibi ya mji wa Malindi, methali hiyo hugeuka kuwa matarajio halisi kila kundi la Kikristo la matabibu wa kujitolea linapofika na masanduku ya dawa. Wazee, kina mama wenye watoto mgongoni na vijana wenye vidonda hupanga foleni chini ya mwembe au katika darasa la shule, wakitumaini kutibiwa bila malipo.

Kambi kama hizo hupunguza mateso ya watu wengi. Hata hivyo, manufaa yake hayapimwi kwa urefu wa foleni wala kwa wingi wa vidonge vilivyogawiwa, bali kwa yale yanayosalia katika zahanati ya kijiji gari la wageni likishaondoka.

Sabaki ni jina la mwisho la mto uitwao Athi huko bara, na Galana baada ya kupokea maji ya Tsavo. Jilore na Chakama ni miongoni mwa vijiji vya bonde lake. Wakazi wengi ni Wagiriama, wakulima na wafugaji. Wamo Wakristo, Waislamu na wanaoshika dini ya jadi. Mgonjwa aliyezidiwa aghalabu hupakiwa kwenye bodaboda kuelekea Malindi, na mvua ikinyesha safari huwa ngumu zaidi.

Kazi ya misheni katika pwani hii ina historia ndefu. Johann Ludwig Krapf wa shirika la CMS aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amewazika mkewe, Rosina, na binti yao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai, ambayo leo iko katika Kaunti ya Kilifi. Mwishoni mwa karne ya 19 shirika hilo lilikuwa na kituo pia huko Jilore.

Krapf na Rebmann hawakuwa matabibu, lakini waliacha funzo linalowafaa matabibu wa leo. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875. Wote wawili walijifunza lugha za wenyeji, na kamusi yao ya Kinyika, kama wageni walivyoziita lugha za Wamijikenda zama hizo, ilichapishwa mwaka 1887, wote wakiwa wamekwisha kufariki. Vilevile Hospitali ya St Luke's ya Kaloleni, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, ilitokana na watu waliokaa.

Mtu anayejitolea siku hizi hukaa siku chache, pengine wiki moja au mbili. Kambini mgonjwa huandikishwa, hupimwa joto na shinikizo la damu, humwona daktari au afisa wa kliniki, kisha huchukua dawa. Mkalimani wa Kigiriama ni wa lazima, kwa kuwa mgonjwa asiyeeleweka hutibiwa kwa kukisia.

Maradhi yanayoletwa kambini ni ya aina tatu. Kwanza ni yale yanayoweza kushughulikiwa papo hapo: jino bovu hung'olewa, kidonda husafishwa, na mwenye malaria isiyo kali hupewa dozi kamili baada ya kupimwa.

Pili ni yale yanayorudi. Mtoto mwenye kichocho akimeza dawa leo kisha akarudi kuoga katika bwawa lenye konokono wanaoeneza vimelea, ataambukizwa tena. Matende nayo huenezwa na mbu. Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka 2002 katika wilaya ya Kilifi ya wakati huo. Dawa hizo zilipaswa kumezwa mara moja kila mwaka, kwa miaka kadhaa mfululizo, ili kukata maambukizi. Kwa kuwa kampeni hiyo haikufanyika kila mwaka, maambukizi yaliendelea.

Tatu ni yale yanayodai tiba ya kudumu, kama vile shinikizo la damu, kisukari na kifafa. Kumpa bibi wa miaka 60 vidonge vya shinikizo vya mwezi mmoja, bila kumwelekeza mahali pa kupata vingine, ni kumwonyesha maji na kumnyima kata.

Sheria nayo haikusahau. Daktari wa kigeni, hata asipolipwa, huhitaji leseni ya muda kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) na kibali cha uhamiaji. Uingizaji wa dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka dawa za msaada ziwe zinahitajika nchini, ziwe na maandishi yanayoeleweka, na kwa kawaida zifike zikiwa na angalau mwaka 1 kabla ya kwisha muda wake. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, hivyo mlango wa kwanza wa kubisha ni idara ya afya ya kaunti.

Usalama pia haupuuzwi. Novemba 2018 watu wenye silaha walivamia Chakama, wakawajeruhi wakazi kwa risasi na kumteka mwanamke Mwitalia aliyekuwa akijitolea kuwahudumia watoto. Aliachiliwa nchini Somalia Mei 2020. Wageni hawana budi kuwaarifu chifu na polisi mapema.

Lipo pia suala la imani. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, si mbali na Chakama. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi wa mhubiri mmoja walishawishiwa kufunga hadi kufa, madai aliyoyakana. Baada ya msiba huo, anayekuja na Biblia na dawa ana wajibu maradufu wa kuonyesha kwamba haki ya mgonjwa kutibiwa haitegemei sala wala kubadili dini.

Kwa hivyo, kundi lenye busara huanza kwa kumuuliza muuguzi wa zahanati anachopungukiwa, kabla ya kununua tikiti za ndege. Huwashirikisha wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa kote nchini mwaka 2023 na ambao wanaijua kila boma. Na siku ya mwisho humkabidhi muuguzi huyo daftari lenye majina ya wagonjwa, ugonjwa wa kila mmoja, dawa aliyopewa na tarehe ya kurudi. Pasipo daftari hilo, mgonjwa aliyepimwa jana huanza upya kesho kana kwamba hajawahi kuonwa na mtu.