Mtoto Mwenye Uoni Hafifu Apimwe Vipi Miwani?

Katika jua kali la Makindu, mtoto mwenye ualbino hufinya macho, na ubao wa darasani huuona kama ukungu. Wazazi wake huenda wakaambiwa miwani haitamsaidia, wakaanza kutafuta shule ya wasioona. Wazazi, msilikubali neno hilo kabla hajapimwa kwa njia inayomfaa.

Kwa kawaida chati ya herufi huwekwa umbali wa mita 6. Mwenye uoni hafifu asogezewe hadi mita 3, hata mita 1, kwani asiyeona herufi yoyote hawezi kuchagua lenzi. Anayesoma ile herufi kubwa ya juu peke yake (6/60) hatambui badiliko la robo dayopta. Mpimaji aongeze dayopta 1 nzima, kisha apunguze 1, ndipo mgonjwa aseme ipi bora. Fremu ya majaribio yafaa kuliko mashine, maana humwachia mtoto nafasi ya kuinamisha kichwa apendavyo. Tena macho ya ualbino huchezacheza: ukiliziba moja kabisa, la pili huzidi kucheza. Afadhali liwekewe lenzi nzito ya kulitia ukungu. Kazi hii hula muda, na foleni za kliniki zetu nazijua.

Miwani haitampa macho ya 6/6. Lakini akifika 6/24, akiketi mbele, atausoma ubao mwenyewe.

Ombeni barua ya rufaa katika hospitali ya Makindu. Kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu hushughulikia uoni hafifu.