Hakuna Aliyeiba Nyota Yako

Kila msimu wa matokeo ya mitihani swali ni lilelile, na mtu akikaribia miaka arobaini huliuliza tena kwa uchungu zaidi: nitalijuaje kusudi la Mungu juu ya maisha yangu? Anayeuliza hataki kusikia habari za kumpenda Mungu na jirani. Hayo alifundishwa tangu shule ya Jumapili na anayaona ya watoto. Anachotaka ni taarifa. Anaamini kwamba kabla hajazaliwa aliandikiwa kazi moja, yake peke yake, na kwamba kazi hiyo imewekwa mahali kama kifurushi kilichoachwa ofisi ya mabasi, ambacho asipokifuata kwa wakati kitarudishwa kilikotoka. Akikipata, ataoa au kuolewa na mtu sahihi, atahamia mji sahihi, na fedha zitamfuata huko. Asipokipata, ameishi bure. Mimi nafundisha Agano la Kale, na nitasema bila kuzunguka: fundisho hilo halimo katika Biblia. Kusudi lipo, ni moja, na linatosha kuyashika maisha yote pamoja. Lakini halikufichwa, na si lako peke yako.

Shahidi anayeitwa kwanza siku zote ni Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani uliobandikwa kwenye vioo vya daladala na kuchapwa kwenye kadi za mahafali. Wanaoutegemea hawajasoma sura yenyewe tangu mwanzo. Sura hiyo ni barua. Iliandikwa Yerusalemu, ikabebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, ikasomwa Babeli kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Inaongea na umati uliohamishwa kwa nguvu. Haiongei na kijana anayechagua kozi. Tena ahadi yake ina muda: miaka 70. Piga hesabu. Mwanamume wa miaka 30 aliyekaa kuisikiliza alikuwa anaahidiwa mema ambayo angeyaona akiwa na umri wa miaka 100. Kwa lugha ya kawaida, alikuwa anaambiwa kwamba atafia ugenini. Na afanye nini hadi siku hiyo? Ajenge nyumba akae, apande bustani ale mazao yake, aoe, aozeshe watoto, auombee heri mji uliomteka. Basi. Hakuna mateka hata mmoja aliyetumiwa kazi ya siri yenye jina lake. Na kinachonishangaza kuliko yote ni kwamba mistari mitatu tu kabla ya ule wa kwenye vioo, barua inawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yao. Biashara ya unabii ilikuwa nzuri wakati ule pia. Sura iliyotangulia inamweleza Hanania, aliyeivunja nira shingoni mwa Yeremia mbele ya watu na kutangaza kwamba mambo yote yatarejea ndani ya miaka miwili. Alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Anayeushika mstari wa 11 mkononi akienda kwa nabii wa kulipia ameuruka mstari wa 8 kwa makusudi au kwa uvivu.

Sasa tuje kwenye nyota, maana huku ndiko watu wanakoumizwa. Muumini anaambiwa kwamba nyota yake imefunikwa, imefungwa, au imebadilishwa na shangazi siku alipozaliwa, na ndiyo maana hajui kusudi lake. Tiba anayopewa ni mkesha, chupa ndogo ya mafuta, maji, chumvi, kitambaa, na bahasha ya sadaka ya kufungulia. Nje ya ukumbi, kwenye nguzo ya umeme, kuna kibao cha mganga kinachotangaza huduma hiyohiyo kwa jina hilohilo: kusafisha nyota. Nikipewa nichague nani mkweli zaidi, nitamchagua mganga, kwa kuwa yeye hajasema anahubiri Injili. Unajimu una historia ndefu pwani yetu, una mabingwa wake na vitabu vyake, na mwenye kuufuata anajua anafuata nini. Mhubiri ameuchukua, akaung'oa jina, akauvalisha suti. Akibanwa hukimbilia Mathayo sura ya 2: je, Yesu hakuwa na nyota? Ilikuwapo nyota, naam, nayo iliwaongoza wageni hadi kwa mtoto. Haikuwa bahati ya Yesu iliyoning'inia angani ikingoja kuibwa, na Herode hakupoteza muda kuifunika, alituma askari. Kwingine nabii Isaya, katika sura ya 47, anawadhihaki watazama nyota wa Babeli kwamba hawawezi kujiokoa hata wao wenyewe na moto. Ubaya wa fundisho hili ni wa aina mbili. Kwanza humpa mtu adui nyumbani kwake, na adui huyo karibu kila mara ni mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Pili, halipimiki: ukipata kazi, nyota imefunguka, usipopata, imani yako ilikuwa ndogo au bahasha ilikuwa nyepesi. Dawa isiyoweza kushindwa kwa hali yoyote ile si dawa, ni mauzo.

Semina za kusudi nazihukumu kwa upole zaidi, ingawa si sana. Mahubiri ya Myles Munroe wa Bahamas yamesikilizwa kila pembe ya Afrika Mashariki, na kitabu cha Rick Warren cha 2002 kimeuzwa kwa mamilioni ya nakala. Wachache wanakumbuka kwamba makusudi matano anayoyataja Warren, kuanzia ibada hadi kuipeleka Injili, ni yaleyale kwa kila Mkristo. Msomaji anafika mwisho, anafunga kitabu, kisha anauliza: sawa, langu ni lipi?

Hapo huletwa pingamizi lenye uzito: Yeremia aliteuliwa kabla ya kuzaliwa, Musa aliitwa kwa jina, Paulo aliangushwa njiani. Kweli kabisa. Lakini angalia walichokuwa wakifanya. Musa alikuwa anachunga kondoo wa mkwewe, Amosi alikuwa na mifugo na mikuyu yake, Samweli alikuwa amelala, Paulo alikuwa anakwenda kukamata watu. Hakuna aliyekuwa anatafuta kusudi, na baadhi yao walipopewa kazi walijaribu kuikwepa. Wito wa namna hiyo, ukija, unakukuta; hauhitaji kiingilio. Hata Esta, kipenzi cha makongamano ya akina mama, hakuhakikishiwa kitu: Mordekai alikisia tu kwamba huenda alifikia umalkia kwa ajili ya saa ile. Na ukitaka mtu wa kawaida katika kitabu cha Yeremia, mtazame karani wake, Baruku mwana wa Neria. Huyo aliandika maneno ya mwenzake kwa wino, akayasoma hadharani, kisha mfalme Yehoyakimu, akiota moto wakati wa baridi, akalikata gombo kwa kisu cha mwandishi, kurasa tatu au nne kila mara, akatupia makaani hadi likaisha. Baruku akapewa gombo jingine akaandika upya. Ujumbe pekee aliopewa yeye binafsi upo sura ya 45, nao unamkataza kujitafutia makuu. Sijawahi kuona semina iliyojengwa juu ya sura hiyo.

Wengine hupinga kwamba kusudi la watu wote ni pana mno, halimwongozi mtu. Mimi naona kinyume chake. Kazi haiwezi kuyaunganisha maisha kwa sababu kazi huisha: mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60, watoto wanahama, mgongo unagoma. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho, akahubiri, akachangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akafungwa. Shughuli nne, lengo moja. Katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike anataja waziwazi mapenzi ya Mungu ni nini: mara moja anasema ni utakatifu, mara nyingine shukrani katika kila jambo. Katekisimu fupi ya Westminster ya 1647 inaanza na swali hilihili la lengo kuu la mwanadamu, na jibu lake, kumtukuza Mungu na kumfurahia milele, halitaji ajira yoyote. Karibu na kwetu, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulimshika Joe Church aliyekuwa daktari, Simeoni Nsibambi aliyekuwa mtumishi wa afya Kampala, na Blasio Kigozi aliyekuwa mwalimu. Wafuasi wake walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakatubu mbele ya wenzao. Hilo ni pana? Jaribu wiki moja kupima kila risiti, kila ahadi na kila neno kwa mkeo kwa kigezo hicho, uone kama kitakosa kukuelekeza.

Yaliyobaki ni mafupi, maana ni ya akili ya kawaida. Mjane wa 1 Wakorintho 7 anaambiwa aolewe na amtakaye, mradi katika Bwana. Uhuru wako ni huohuo. Je, jambo unalolitaka ni dhambi? Acha. Si dhambi? Uliza kama unaliweza, kama wanaokufahamu kanisani na nyumbani wanaona unaliweza, na kama halimtupi mzazi, mtoto au mdai unayewajibika kwake. Omba hekima, si dokezo. Karama hujitambulisha ukiwa unatumika, kwa hiyo jitolee kwaya, hospitali, kamati ya maziko, popote pana upungufu. Ukishindwa, badili, hujaharibu mpango wa mtu. Na wewe unayesita kati ya ualimu na uuguzi, kazi zote mbili ni halali, na dirisha la maombi ya chuo hufungwa. Jaza fomu.