Kuchora Nchi kwa Rangi ya Mafuta

Kazi ya kuchora picha ya nchi huanza katika jicho, ndipo mkono hufuata. Watu wengi hudhani kwamba wazijua rangi za vitu vyote: bahari ni samawati, mnazi ni kijani, kivuli ni cheusi. Lakini mtu akisimama pwani ya Kilwa Masoko asubuhi, akaitazama bahari iliyo kati yake na Kilwa Kisiwani, ataona mambo mengine. Karibu na mchanga maji yana kijani chepesi. Juu ya miamba yaelekea rangi ya kahawia. Mahali penye kina yana samawati nzito. Hata kivuli cha ukuta si cheusi kabisa, maana hupokea nuru kidogo itokayo mbinguni. Basi somo la kwanza la mchoraji ni kuchora akionacho, wala si akidhanicho.

Somo la pili ni la umbali. Mtu aliye Lindi mjini akitazama ng'ambo, upande wa Kitunda, ataona kwamba minazi iliyo karibu naye ina kijani cha nguvu, bali vilima vya mbali vimefifia, navyo vyaelekea samawati. Miti ya huko haina samawati hata kidogo. Sababu ni hewa nyingi iliyo kati ya jicho na kilima. Hewa hiyo, pamoja na mvuke na vumbi lake, huitawanya nuru. Kwa hiyo mchoraji huvipa vitu vya karibu rangi kali, na vya mbali huvififiza kwa kutia nyeupe na samawati kidogo. Hivyo ubao ulio bapa huonekana kuwa na kina.

Somo la tatu ni tabia ya rangi yenyewe. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, hasa mafuta ya mbegu za kitani. Rangi ya maji hukauka kwa kuwa maji yake huruka hewani. Mafuta haya hayaruki. Huvuta oksijeni iliyomo hewani, yakageuka polepole kuwa kitu kigumu, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Uchelewaji huo una faida. Rangi mbili zikiwa bado mbichi zaweza kuunganishwa juu ya ubao, hata mbingu ikakutana na bahari pasipo kuonekana mstari. Lakini una sheria yake pia: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi. La juu likikauka kwanza litapasuka, kama lipu ya chokaa ipasukavyo juu ya ukuta wa udongo usiokauka. Haraka haraka haina baraka.

Zamani wachoraji wa Ulaya waliweka rangi hizo katika vibofu vya wanyama, nayo ilikuwa taabu kuzichukua safarini. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alibuni mrija wa bati wa kutilia rangi. Tangu hapo ikawa rahisi kwa mchoraji kutoka nje na kuchora mbele ya nchi yenyewe. Afanyaye hivyo hupenda ubao mdogo, labda wa shubiri moja, maana jua halimngoji, na maji hujaa na kupwa. Picha kubwa haimaliziki kabla vivuli havijahama. Mbao kumi ndogo humfundisha mwanafunzi zaidi ya ubao mmoja mkubwa.

Huenda mtoto wa kusini akasema, “Mimi sina mrija wala mafuta ya kitani.” Na akumbuke habari za Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora, akitumia mbao nyembamba za dari zilizokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Rangi ile nayo ina mafuta, lakini haikubali kufifizwa polepole kama rangi ya mrija. Tingatinga aliifuata tabia yake. Alipaka ubao rangi moja, akaiacha ikauke, kisha akaweka juu yake mnyama, ndege au mti kwa mistari safi na madoa. Aliwafundisha jamaa zake na vijana wengine. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini mtindo wake ungali ukiitwa kwa jina lake.

Kazi hii ina faida nyingine. Kuta za kale za Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331, akausifu kwa uzuri wake. Leo ni magofu, na sehemu ya Gereza lililo ufukoni imeangushwa na mawimbi. Mwaka 1981 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia; tangu mwaka 2004 hata 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Mafundi huzitengeneza kuta, na mikoko hupandwa ili kuyazuia mawimbi. Mwanafunzi hawezi kuizuia bahari kwa brashi. Lakini akiketi mbele ya ukuta huo na kuuchora kwa uaminifu, jiwe kwa jiwe, watakaozaliwa baadaye watajua ulivyokuwa siku ile.

MASWALI
1. Kwa nini vilima vya mbali huonekana kuwa na samawati?
2. Rangi ya mafuta hukaukaje?
3. Tingatinga alitumia vitu gani, na kwa nini alichora kwa namna ile?
4. Tazama kivuli cha nyumba ya jirani saa sita mchana. Kina rangi gani?