Ziwani nako kuna kadi nyekundu

KATA ya Kirumba, Ilemela, ina viwanja viwili. Kimoja ni cha nyasi, CCM Kirumba, hicho kila mtu anakijua. Kingine ni maji matupu: Mwaloni, pale kwenye soko la samaki, ambako fainali za mbio za mitumbwi za Balimi ziliwahi kukutanisha wapiga makasia wa kiume na wa kike wa Kanda ya Ziwa.

Kwenye nyasi, mchezaji akiotea shabiki anapiga kelele kabla ya mshika kibendera. Ziwani wengi wanajua jambo moja tu, kwamba anayefika wa kwanza ndiye bingwa. Wapi bwana!

Muulize Jessica Fox. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021, Mwaustralia huyo aliingia fainali ya kayaki ya slalomu, mchezo ambao boti inapita katikati ya milingoti inayoning'inia juu ya maji yanayokwenda kasi. Ukigusa mlingoti unaongezewa sekunde 2, ukiruka lango ni sekunde 50. Fox aligusa mara mbili. Muda wake ukasomeka sekunde 106.73, na Mjerumani Ricarda Funk akabeba dhahabu kwa 105.50. Fanya hesabu mwenyewe. Bila zile sekunde 4 dhahabu ilikuwa ya Fox, lakini aliondoka na shaba.

Mwaloni hakuna milingoti. Mtihani wa mbio ndefu za mitumbwi ni boya la kugeuzia, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa (ICF) zinasema aliye upande wa nje lazima amwachie nafasi aliye ndani, kama pua ya mtumbwi wa ndani imeshamfikia. Kuligusa boya si kosa, ila kama umepata faida kwa kuligusa, umekwisha.

Mbio fupi za mita 200, 500 na 1,000 ni kali zaidi. Kila boti ina njia yake yenye upana wa mita 9, na kujibanza kwenye wimbi la mwenzako ili akuvute ni marufuku. Kwenye maratoni inaruhusiwa, na wajanja huishi humo.

Kuna suala la chombo pia. Kwenye mbio fupi, kayaki ya mtu mmoja haipaswi kupungua kilo 12, ikipungua matokeo yanafutwa. Mitumbwi ya mbao ya ziwani je? Kila fundi na mkono wake, na huwezi kupata miwili inayolingana sawasawa. Mwandaaji asipopima urefu na idadi ya wapiga makasia kabla ya filimbi, mshindi anaweza kuwa fundi seremala.

Asiyeridhika anaandika pingamizi na kulipa ada, akishinda anarudishiwa. Hakuna kumzonga mwamuzi kama tulivyozoea kwenye Ligi Kuu.

Halafu kuna kupinduka. Mkiweza kurudi chomboni wenyewe mnaendelea, ila mkisaidiwa na mtu wa nje mbio zimeishia hapo. Wavuvi wa Mwaloni wakiona mtu yuko majini hawaulizi kanuni, wanamfuata. Kikosi kitaondolewa, sawa, lakini watu wote watafika nchi kavu.